Taarifa Kutoka kwa Mtu wa Karibu

Kwako Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi yangu na watoto. Natumai mu wazima wote, na kwamba mgongo wako umepata nafuu tangu uache ile kazi ya ghalani. Sisi huku hatujambo. Mama goti linamsumbua asubuhi, likishapata joto linamwachia, na mdomo wake, Mungu ashukuriwe, haujaumwa hata siku moja. Mimi nipo, macho tu yamepungua nguvu kidogo kwa sababu ya kazi, na miwani niliyopewa inanifanya nionekane kama mwalimu mkali. Wateja wananiogopa zaidi kuliko zamani, jambo ambalo si baya.

Barua hii anakuletea mpwa wako kwa mkono wake. Hajui kilichomo. Nimeifunga kwa gundi, na juu ya mdomo wa bahasha nimepiga saini yangu mara mbili, nawe huchana bahasha pembeni, kwa hiyo kabla hujaendelea igeuze uitazame. Kama saini zimekatika mahali, basi imefunguliwa njiani, na utanijulisha. Si kwamba simwamini mwanangu. Ila siku hizi nimekuwa mtu wa kutazama bahasha mbele na nyuma, na utaona sababu.

Utashangaa kwa nini sikupiga simu. Simu siitaki kwa jambo hili. Nyumba yetu unaijua, ukikohoa chumba cha mbele, wa uani anakwambia pole. Na Mama akiniona naongea na wewe kwa sauti ya chini atataka kujua ninachoficha.

Ni hivi, Kaka. Wiki tano zilizopita ilifika nyumbani bahasha ya kahawia kutoka ofisi ya Uhamiaji, imeandikwa jina lako kamili, yale majina matatu ambayo hata Mama huyataja akikasirika tu. Niliifungua, na sikuombi radhi kwa hilo, kwa sababu kusoma barua za ofisi ile ndiyo kazi inayonilisha. Walisema wamepata taarifa kwamba ulichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yako ukiwa mtu mzima. Kwa hiyo kwa mujibu wa sheria uliacha kuwa raia wa nchi hii tangu siku ile ile uliyokula kiapo. Umepewa siku sitini kurudisha pasi na kitambulisho, au kuthibitisha kwamba taarifa hiyo si ya kweli. Ukiitumia pasi hiyo kuingia nchini, ni kosa la jinai. Na mwisho kabisa, kama kitu kidogo tu walichokaribia kukisahau, walisema jina lako lililo kwenye hati ya nyumba litapelekwa kwa msajili wa ardhi, maana asiye raia hamiliki ardhi hapa. Ikifikia hapo, hati inaandikwa upya kwa jina la ndugu wa karibu aliye raia.

Sheria hii naijua kama ninavyojua ngazi za nyumba yetu. Aliyezaliwa na uraia mara mbili, kwa baba huku na mama kule, anaruhusiwa kuushika wote mpaka atimize miaka ishirini na moja, halafu achague. Aliyepewa kwa sababu ya ndoa, wanamwacha. Lakini aliyekwenda mwenyewe kuomba, akanyoosha mkono akaapa, huyo sheria haimuulizi hata kama alijua. Wanakuja dukani kwangu kila wiki niwajazie fomu. Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja mwenye pasi mbili, kila moja kaificha kwenye soksi yake, utadhani zikionana zitagombana. Nilimwandikia barua ya kuomba msamaha, akatoka akichechemea.

Basi kilichonikaa moyoni kwenye barua yako hakikuwa sheria. Yalikuwa maneno haya: taarifa hii imepatikana kutoka kwa mtu wa karibu wa familia. Niliyasoma nimesimama, nikakaa, nikayasoma tena. Watu wetu wa karibu ni wangapi, Kaka? Wanahesabika kwa vidole na kidole gumba kinabaki.

Wa kwanza kumfikiria alikuwa mpangaji wetu wa uani, yule mstaafu wa forodha ambaye Mama amembandika jina la Bwana Mihuri. Mtu ametumikia mpakani miaka thelathini, anaangalia kila kitu kama mzigo usiofunguliwa. Mara mbili alishaniuliza utakuja lini, na mara ya tatu akaniuliza utakuja kwa pasi ipi. Mtu anayekuuliza hivyo anataka nini? Nilianza kumchunguza. Nikamwona anaandika kwenye daftari kila jioni, nikasubiri atoke, nikachungulia dirishani. Zilikuwa dawa zake za presha, saa na idadi.

Wa pili ni mtoto wa Baba Mdogo, Fundi Saa. Unajua tangu Baba afariki amekitamani kile chumba cha mbele kiwe karakana yake, kwa sababu ya mwanga. Nikajiambia, ukiondoka wewe kwenye hati, mlango wake unafunguka. Akija kusalimia, nikawa nakaa naye sebuleni mpaka aondoke, hata chai namwekea nusu kikombe asikawie.

Halafu nikawategea. Nilimwambia Bwana Mihuri, kwa siri, kwamba utafika tarehe tano. Nikamwambia Fundi Saa, kwa siri pia, kwamba utafika tarehe kumi na tisa. Nilipanga kwamba tarehe itakayosikika ofisini ndiyo itakayonionyesha mdomo ulioibeba. Nilijiona mjanja sana, nikalala vizuri kwa mara ya kwanza wiki ile.

Kilichotokea ni kwamba Bwana Mihuri alinunua ndoo mbili za chokaa akapaka ukuta mzima wa uani, akaniambia si vizuri mwenye nyumba arudi baada ya miaka yote hii akute madoa. Fundi Saa naye akaja amebeba ile saa ya ukutani ya Baba, iliyokaa kwake miaka sita ikisubiri springi, sasa inagonga kila saa na nusu saa. Wakakutana mlangoni wakaanza kubishana kuhusu tarehe. Mama akawasikia, akaniita akaniuliza kama mwanawe anakuja mara mbili. Ungedhani ningeona haya niache. Sikuacha. Nilimwambia Mama hakuna mtu anayetengeneza saa bure, na anayepaka ukuta usio wake ana lake jambo.

Nisamehe kwa linalofuata. Nilimfikiria hata wifi. Nilijiambia yeye hataki kurudi huku, watoto wamezoea kule, na njia nyepesi ya kumzuia mume asirudi kwao ni kumkatia kwao kwenyewe. Kisha nikakufikiria wewe. Ndiyo, wewe. Niliwaza labda umejitaja mwenyewe huko, umekana uraia wetu kwa maandishi na unaona aibu kutuambia. Kwa maana hukuwahi kutuambia kitu waziwazi. Miaka minne iliyopita uliniambia umepata makaratasi. Makaratasi ni mengi, Kaka, mimi nayauza. Kiapo chako nilikijua kwa picha ambayo wifi alimtumia mpwa wako kwa bahati mbaya akidhani anamtumia dada yake: wewe kwenye suti ya kijivu, mkono wa kulia juu, na wifi pembeni kashika kibendera. Nililitazama jicho lako kwenye picha ile muda mrefu. Ulikuwa unacheka.

Nilipoishiwa watu, nikaenda ofisini. Ni mwendo wa dakika tano kutoka dukani, na wote pale wananifahamu, maana nusu ya fomu wanazopokea zimepita mikononi mwangu na hakuna hata moja iliyowahi kurudishwa kwa kutojazwa vizuri. Nikamwona yule mama wa masjala tunayemwita Mama Faili. Nilimwambia nataka kumjua aliyekusema. Aliniambia sheria haimruhusu kutaja mtoa taarifa, nami nikamwambia najua, na kifungu chenyewe nikamtajia, akacheka. Akalitoa faili lako, akalifungua, akaligeuza upande wangu, akasema anakwenda kutafuta wino wa muhuri. Muhuri ulikuwa mezani na kidau cha wino kimejaa.

Niliinama nikasoma. Niliitambua herufi kabla ya maneno. Ile g yangu yenye mkia uliojikunja, uliyonicheka nayo tangu shule. Ilikuwa nakala ya fomu ya pasi ya mpwa wako, niliyoijaza mimi mwenyewe mezani kwangu, asubuhi, kwa kalamu nyeusi. Mahali wanapouliza jina la mwenyeji wake huko aendako, uhusiano na uraia, nilikuwa nimeandika majina yako matatu, tarehe yako ya kuzaliwa, anwani, mjomba wa mwombaji, na kwenye uraia nikaandika kwamba wewe ni raia wa huko kwa kuapishwa, na mwaka wake.

Mtoto alikuwa amepata nafasi ya chuo cha uuguzi huko uliko, ofisi ya pasi ilikuwa inawakatalia wengi, nami nilitaka fomu yake iwe na nguvu. Mwenyeji aliye raia anahesabika kuliko mwenyeji mkazi. Niliwaza kama mama yake, nikasahau kabisa kwamba fomu inayotoka kwenye dirisha la pasi inaingia kwenye chumba kile kile cha faili. Kwa wateja wangu huwa nauliza mara mbili. Nawaambia, ndugu yako kule mwandike mkazi, uraia wake mwenyewe atausema siku akiulizwa. Miaka kumi na minne natoa ushauri huo, na siku ya mwanangu sikuufuata.

Laiti mambo yangeishia hapo ningekuandikia barua fupi ya kuomba radhi kwa uzembe. Mama Faili alirudi mikono mitupu akakaa. Aliniambia kwa upole kwamba kisanduku kimoja kwenye fomu ya mtu mwingine hakitoshi kumfungulia mtu faili, watu wanakosea kila siku. Lazima karani athibitishe. Akaweka kidole chini ya ukurasa, kwenye mstari ulioandikwa kwa wino wa bluu, wenye tarehe na saa: mzazi wa mwombaji amethibitisha kwa simu. Akaniuliza kama naikumbuka simu hiyo.

Naikumbuka, Kaka, na hapa nakuomba unisome polepole.

Karani alikuwa kijana mwenye adabu. Alinisalimu, akaniambia kuna neno moja kwenye fomu ya binti yangu linamtatiza. Alisema wengi huandika raia wakiwa na maana ya mkazi, na kama ndivyo, atanirekebishia mwenyewe pale pale, nisisumbuke kuja. Alinifungulia mlango, akaushika, akanisubiri nipite. Nami nilijua alichokuwa anauliza. Hakuna mtu mjini hapa anayejua kuliko mimi alichokuwa anauliza. Nikamwambia hapana, hakuna kosa, ni raia, aliapa, na picha ninayo.

Siku mbili kabla ya simu ile ulikuwa umenitumia ule ujumbe wako. Huenda hukumbuki ulichoandika, kwako ulikuwa ujumbe kama mwingine. Uliandika kwamba unarudi moja kwa moja, kwamba umeamua kuvunja ukuta kati ya chumba cha Mama na changu upate sebule kubwa, na kwamba nikipata nafasi nianze kutafuta mahali pa kuhamia. Nikipata nafasi. Miaka kumi na tisa namkanda Mama goti kwa maji ya moto, nalipa paa likivuja, naamka kwenye chumba hicho na kwenda kazini na kurudi humo, na wewe ukaniandikia kama mtu anayemwandikia mpangaji. Hukuuliza. Nyumba ni yako, Baba alikuandikia wewe kwa kuwa ndiye wa kwanza, sikuwahi kupinga hilo kwa neno wala kwa uso. Lakini siku ile nilikasirika. Nilijisemea, huyu ameapa kuwa wa watu wengine, anacheka kwenye picha, halafu ananitoa mimi kwetu.

Kwa hiyo karani aliponiuliza, nilisema kweli, lakini sikuisema kwa kuipenda kweli. Niliisema ikuumize. Baadaye nikaosha vyombo, nikaipangia simu ile mahali pa mbali kichwani, na barua ya kahawia ilipofika nikaanza kuchungulia madirisha ya watu. Niliposoma lile neno la mtu wa karibu, wazo la simu ile lilinipitia. Nilihisi, Kaka. Sikutaka kutazama, nikamtafuta kila mtu mwingine. Mzee wa watu nimemchungulia dawa zake. Hilo peke yake linanitia aibu ya kutosha.

Sisahau pia kwamba ni wewe uliyeuza baiskeli yako nikajifunze kupiga chapa. Ningeweza kulisahau hilo, kuandika barua hii kungekuwa rahisi zaidi.

Sasa sikiliza ya kufanya, kwa sababu leo ninapoandika zimebaki siku ishirini na tatu. Usisafiri na pasi ya zamani. Namba yake imeshaingia kwenye mashine za uwanja wa ndege, na mwezi uliopita wawili walitolewa kwenye foleni wakiwa na mizigo yao mkononi. Hata kama tiketi umekwisha kata, ahirisha.

Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi mbili. Ya kwanza ni fomu ya kuuachia uraia wa huku kwa hiari. Nimeijaza yote, imebaki saini yako. Ukiisaini hawatakushtaki, utaruhusiwa kuja kwa pasi yako mpya kama mgeni, na baadaye uombe ukazi wa waliowahi kuwa raia, unaotolewa kwa miaka mitano mitano. Hati ya nyumba itaandikwa upya. Mama amekwisha kataa kuandikwa kwa sababu ya umri wake, alisema hivyo kwa wakili tangu Baba alipofariki, kwa hiyo itakuja kwangu. Ndiyo, kwangu. Ndiyo maana nakuomba usiniamini kirahisi kwenye karatasi hiyo, mpe wakili wa huko aisome.

Ya pili ni hati ya kiapo. Nimeisaini mbele ya wakili, ambaye naye alinitazama vibaya. Inasema kwamba nilidanganya kwenye fomu na nikadanganya kwenye simu, kwamba wewe kule ni mkazi tu, hukuwahi kuapa. Ukiirudisha hiyo nitaipeleka ofisini mimi mwenyewe, faili litafungwa, na utaingia kwa pasi ya zamani kama raia, mwenye nyumba yako. Mimi nitanyang'anywa leseni ya duka na huenda nikashtakiwa kwa kutoa taarifa za uongo. Na pasi ya mpwa wako, kwa kuwa ilitolewa kwa fomu yenye uongo, inaweza kufutwa, arudishwe kabla hajamaliza hata muhula mmoja. Sikukuandikia haya nikutishe. Ndivyo kifungu kinavyosema, na wewe ungeniona mwongo zaidi kama ningekificha.

Nakiri kwamba hata sasa nakushuku. Nimekaa na wazo kwamba utachagua ya pili bila hata kumaliza barua, na nimekasirika kwa ajili ya jambo ambalo bado hujalifanya. Pengine ndivyo nilivyo sasa. Irudishe unayoitaka kwa posta ya haraka, kwa anwani ya duka, siyo ya nyumbani. Usiambatanishe maelezo, wala mimi sitakuuliza.

Mama anakusalimu sana. Hajui lolote katika haya, na jana alikuwa anakupangia kitanda karibu na dirisha. Msalimie wifi, mwombe radhi kwa niaba yangu kwa kosa asilolijua. Watoto wabusu.

Na huyo aliyekuletea barua amesimama hapo mbele yako, nadhani, bado na koti lake, anasubiri umwambie akae. Mwambie akae. Pasi yake iko kwenye mkoba mdogo wa ndani. Nimemwambia akifika tu akukabidhi wewe uitunze.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja.